Kivuli Kilichozaliwa na Uhaba

Mwishoni mwa mwaka 1985, kwenye uwanja wa kuegesha magari katika mji mdogo wa Chappaqua, jimbo la New York, Jordan Mechner alimsimamisha mdogo wake David mbele ya kamera ya video na kumtaka akimbie. David, ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa sekondari, akakimbia. Alipoambiwa aruke, akaruka. Alikimbia akageuka ghafla, akadandia ukuta, akajivuta juu kwa mikono, akashuka, akarudia tena. Alikuwa amevaa nguo nyeupe. Jordan alikuwa na umri wa miaka 21, ametoka kuhitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka huohuo, na kichwani alikuwa na wazo la gemu ambayo bado haikuwa imekamilika hata kwenye karatasi.

Miaka minne baadaye mienendo ile ya David iliingia madukani ndani ya boksi lililoandikwa Prince of Persia. Wenye umri wa kutosha watamkumbuka yule kijana aliyevaa nguo nyeupe anayekimbia kwenye korido za gereza, anayening'inia ukingoni kwa ncha za vidole, anayechomwa na miiba ya chuma inayochomoza sakafuni. Hapa Afrika Mashariki wapo waliokutana naye kwenye kompyuta za MS-DOS za maofisini miaka ya 1990, baada ya saa za kazi, na walioijua siri walianzisha programu kwa kuandika "prince megahit" ili wapate ruhusa ya kuruka hatua zilizowashinda.

Gemu hiyo imeandikwa mno kama mfano wa uchoraji wa mienendo ya mwili, na sifa hiyo inaistahili. Mimi linanivuta jambo jingine. Tangu akiwa mwanafunzi Mechner alikuwa akiandika shajara, na mwaka 2011 aliichapisha ile ya miaka ya kuitengeneza gemu hii. Mwaka huohuo alisimama mbele ya watengenezaji wenzake katika mkutano wao mkubwa wa San Francisco akaeleza hatua kwa hatua jinsi kazi ilivyokwenda. Kwa hiyo tunaweza kufanya kitu ambacho kwa gemu nyingi za zama zile hakiwezekani: kuyafuata mawazo yaliyotupwa. Nimeyafuata, na naona kwamba wazo kubwa kuliko yote ambalo Mechner alilazimika kuliacha halikufa. Lilirudi ndani ya gemu kwa mlango mwingine, na ndilo linaloifanya isisahaulike.

Shujaa asiye na silaha

Mechner hakuwa mgeni katika kazi hii. Akiwa Yale alituma gemu yake iliyoitwa Deathbounce kwa Brøderbund, kampuni ya California. Haikuchukuliwa, lakini Doug Carlston, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alimtumia nakala ya Choplifter, gemu ya Dan Gorlin ya mwaka 1982, aone wenzake walikuwa wamefika wapi. Kijana akaona kwamba gemu inaweza kuwa na hadithi yenye mwanzo na mwisho. Mwaka 1984 alitoa Karateka, gemu ya mapigano ya mikono na miguu, ambayo mienendo yake aliipata kwa kumpiga filamu mwalimu wa karate wa mama yake. Ilimletea fedha na jina kabla hajamaliza chuo.

Karateka ina mwisho ambao kila aliyeucheza ataukumbuka. Baada ya kuwashinda maadui wote, shujaa anafika kwenye chumba alimofungwa binti Mariko. Mchezaji akimwendea binti huyo akiwa bado amekaa mkao wa kupigana, Mariko humpiga teke moja na kumuua papo hapo. Sharti uteremshe mikono, usimame wima, ndipo umkimbilie. Mwandishi wa gemu ya ngumi alikuwa ameficha ndani yake wakati mmoja ambapo ngumi ndiyo kosa.

Baada ya Karateka hakutaka tena mapigano. Alichokitaka ni dakika kumi za kwanza za filamu ya Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981, pale Indiana Jones anapoingia pangoni na kila anachokikanyaga kinataka kumuua. Shujaa wa gemu mpya asingekuwa na upanga wala bunduki. Angekuwa na miguu, mikono na akili. Adui wangekuwa mashimo, malango yanayoshuka, vigae vinavyolegea chini ya nyayo na mapanga ya chuma yanayofunga na kufungua katikati ya njia kama meno. Mchezaji asingeua mtu. Hilo ndilo lilikuwa wazo la msingi, na Mechner alilishikilia kwa muda mrefu.

Ili gemu ya namna hiyo isimame, mwili wa shujaa ulipaswa kuaminika, na hapo ndipo mkanda wa David ulipoingia kazini. Mbinu yenyewe ni ya zamani: Max Fleischer aliibuni New York mwaka 1915, akichora katuni juu ya picha za mtu halisi, fremu baada ya fremu. Mechner aliifanya kwa vifaa alivyovipata. Aliuweka mkanda kwenye deki akausogeza picha moja moja. Kila picha iliposimama kwenye televisheni, aliipiga kwa kamera ya kawaida ya filamu ya milimita 35, chumba kikiwa giza. Filamu zikaenda dukani kusafishwa. Picha zilizorudi alizipanga mezani, akashika kalamu nene nyeusi na ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya taipu, akapaka nyeusi hapa na nyeupe pale mpaka kila picha ikabaki umbo tupu la mwili, bila ukuta, bila magari. Akatoa fotokopi ili mistari ikolee. Fotokopi ndizo alizoziweka mbele ya kamera iliyounganishwa na kadi maalumu ndani ya kompyuta yake ya Apple II, na baada ya hapo ikabaki kazi ya kusafisha umbo moja baada ya jingine, doti kwa doti.

Hakukuwa na hakika kwamba ingefaa. Picha ya mtu halisi ikipunguzwa hadi doti chache inaweza kuwa takataka. Lakini alipoziendesha mfululizo, umbo lile likakimbia, na aliyekuwa akikimbia ni David mwenyewe, na namna yake ya kutupa mabega.

Ni vigumu kwa mtu wa leo kuona ukubwa wa jambo hilo, kwa hiyo nitalisogeza karibu. Mashujaa wengi wa gemu za majukwaa za miaka ile walikwenda mara moja ulipobonyeza na kusimama mara moja ulipoachia, na Mario wa mwaka 1985 unaweza kumrudisha nyuma akiwa hewani. Kijana wa Mechner hawezi. Akishakimbia, anahitaji nafasi ya kusimama. Akitaka kugeuka, mguu mmoja hutangulia kuteleza, mwili hufuata. Akidaka ukingo, mikono hunyooka kwanza, kisha huja kazi ya kujivuta. Wapo wachezaji walioudhika na ucheleweshaji huo na bado wapo. Mimi nauona kuwa ndiyo roho ya gemu. Kwa sababu ana uzito, kuanguka kwake kunauma. Ukimuona amelala chini ya shimo, umevunja mtu.

Gereza lenye mtu mmoja

Uhai huo ulikuwa na bei. Kompyuta ya Apple II ilizaliwa mwaka 1977, na kichakato chake kilipiga mapigo milioni moja tu kwa sekunde. Hata zile za baadaye zilizoongezewa uwezo zilikuwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu. Picha moja unayotumiwa leo kwa WhatsApp mara nyingi huzidi hapo. Ndani ya nafasi hiyo ilibidi zikae kuta, milango, mitego, sauti, amri zote za programu, na juu ya yote maumbo ya kukimbia, kuruka, kudandia, kuinama, kunywa, kufa. Mienendo laini maana yake ni maumbo mengi, na maumbo mengi yalimeza kila kitu. Kijana mmoja alijaza nyumba nzima. Mtu wa pili hakuwa na mahali pa kulala.

Kwa muda hali hiyo ilipatana na msimamo wa Mechner. Hakutaka maadui, na hata angewataka, wasingetosha. Tatizo ni kwamba gereza lililotokea lilikuwa zuri la kutazama na baridi la kucheza. Ukishajua shimo liko wapi, limekwisha kazi. Mtego haukufuati, haukuchukii, hauna hila mpya. Mwenzake Tomi Pierce, aliyefanya kazi jirani naye pale Brøderbund, alimwambia hivyo bila kumbembeleza: gemu inahitaji mapigano. Alimwambia tena. Kila alipopita alimwambia. Mechner alijibu kwamba kumbukumbu imejaa, na jibu hilo lilikuwa la kweli, ingawa nadhani lilimsaidia pia kutogusa lile wazo alilolipenda.

Jibu lilipatikana ndani ya uhaba wenyewe. Kama hakuna nafasi ya maumbo ya mtu mwingine, basi adui atumie maumbo ya shujaa mwenyewe. Lakini watatofautishwaje? Kichakato cha kompyuta kina amri ndogo inayolinganisha biti mbili: zikifanana hutoa sufuri, zikitofautiana hutoa moja. Mechner alichukua umbo la shujaa, akalisogeza kwa biti moja pembeni, kisha akalilinganisha na umbo lilelile kwa amri hiyo. Sehemu zilizojaa zikafutika, kingo zikabaki, na kwenye skrini akatokea kijana mwingine anayemetameta, mwenye mwendo uleule, mwili wake ni kama mzuka. Hakuongeza hata umbo moja jipya. Walimwita Mtu Kivuli.

Hapa ndipo naamini gemu ilipozaliwa, kwa sababu kitu kilichotoka kwenye hesabu ya biti mara moja kilidai maana. Adui huyu ni nani, na kwa nini anafanana nami? Mechner alilijibu swali hilo vizuri kuliko waandishi wengi wa filamu. Katika hatua ya 4, mlango wa kutokea ukishafunguliwa, kioo kinatokea katikati ya njia na kuifunga. Hakuna njia nyingine. Mchezaji anarudi nyuma, anakimbia na kuruka kukivaa kioo, na wakati anatua upande wa pili nguvu zake zinaanguka hadi tone la mwisho, huku mwenzake wa kivuli akitokea ndani ya kioo na kukimbilia upande mwingine. Katika hatua ya 5 unaiona chupa ya dawa unayoihitaji sana, unaifuata, na kivuli anafika kabla yako na kuinywa. Mwishoni mwa hatua ya 6 amesimama ng'ambo ya shimo. Unaruka. Anakanyaga kigae, lango linashuka mbele ya mikono yako, na unaporomoka. Hasemi neno. Hana sura. Ila umeanza kumchukia.

Upanga waingia

Baada ya kivuli, Mechner alikubali kwamba Pierce alikuwa sahihi. Alirudi kwenye programu yake akaibana mstari kwa mstari, akitafuta kila nafasi iliyopotea, mpaka akapata pa kuwaweka askari. Wazo la shujaa asiye na silaha likaachwa. Mchezaji sasa anaanza mikono mitupu, na kazi yake ya kwanza katika hatua ya 1 ni kuutafuta upanga.

Lakini ni nani angempigia filamu ya mapigano ya panga? Alikwenda kwenye The Adventures of Robin Hood, filamu ya Warner Bros. ya mwaka 1938, kwenye pambano la mwisho kati ya Errol Flynn na Basil Rathbone. Wanapigana wakizunguka ngazi na nguzo, kamera ikihama, na karibu pambano zima halifai kwa gemu inayotazamwa kutoka pembeni. Ila kuna sekunde chache ambapo wawili hao wamesimama ubavu kamili kwa kamera, wakisonga mbele na kurudi nyuma. Sekunde hizo zilitosha. Kila mlinzi aliyewahi kukukinga pigo ndani ya gereza la Jaffar, yule mchawi katili anayemtamani binti Sultani, anazo chembe za Flynn na Rathbone.

Askari hao hawawezi kupanda wala kuruka. Wanajua kusonga, kukinga na kuchoma. Ufinyu huohuo ukawafanya wasomeke: unamtazama mwenzako, unangoja anyanyue, unakinga, unajibu. Mapigano yakawa mazungumzo mafupi yenye hatari.

Sasa twende hatua ya 12. Umepanda mnara, Jaffar yu karibu, na kivuli anatua mbele yako akiwa na upanga mkononi. Kwa hatua kadhaa gemu imekufundisha jambo moja: ukikutana na mwenye upanga, chomoa wako. Unachomoa. Unampiga vizuri, anapungukiwa nguvu, na wewe unapungukiwa vilevile. Unampiga tena, mnaumia pamoja. Ukimuua, umekufa. Wachezaji wengi walirudia pambano hilo wakidhani wamekosea mkono, mpaka mmoja kwa kukata tamaa au kwa kutafakari akarudisha upanga alani. Kivuli naye akarudisha wake. Ukimwendea, naye anakujia, na mnapokutana mnakuwa mtu mmoja. Baada ya hapo, mahali palipokuwa wazi mbele yako, sakafu inajijenga chini ya miguu yako kadiri unavyokimbia.

Hilo ndilo wazo la mwaka 1985 lililorudi. Shujaa asiye na silaha alishindwa kuibeba gemu nzima, akafutwa kwenye mpango, na mwisho akapewa dakika moja, ile muhimu kuliko zote. Na nina hakika dakika hiyo isingekuwa na uzito wowote kama Mechner angeshinda ubishi wake na Pierce. Katika gemu isiyo na panga, kutopiga si uamuzi. Ilibidi mchezaji azoee kuua ili kuweka upanga alani kumgharimu kitu. Ni teke la Mariko lilelile, ila sasa limekomaa.

Vilivyobaki ofisini

Si kila kilichoachwa kilirudi. Mechner alijijengea programu ya kupangia hatua, ambayo kwayo aliweka kuta, mitego na walinzi kigae kwa kigae. Brøderbund ilikuwa imeshawauzia watu Lode Runner mwaka 1983 pamoja na zana ya kujitengenezea hatua zao, na wachezaji waliipenda sana. Zana ya Prince of Persia haikutoka. Ilibaki kuwa kifaa cha mtengenezaji. Miaka mingi baadaye mashabiki walijiandikia zana zao wenyewe na kutengeneza magereza mapya kwa mamia ya vyumba, jambo linaloonyesha njaa iliyokuwapo. Hapo Brøderbund walipoteza nafasi.

Na gemu yenyewe nusura iwe miongoni mwa vilivyoachwa. Mechner alitaka kuwa mwandishi wa filamu. Aliandika mswada, ukasomwa na watu wa Hollywood, na kwa miezi kadhaa aliiweka gemu kando. Shajara yake ya kipindi hicho inasumbua kuisoma: mtu mwenye vipaji viwili, kila kimoja kinamwonyesha kingine kuwa ni upotevu wa muda. Wakati huohuo Apple II ilikuwa ikizeeka. Kila mwezi aliochelewa, soko aliloliandikia lilizidi kusinyaa.

Alimaliza. Kwa ajili ya binti Sultani alimpiga picha binti wa mfanyakazi mwenzake. Muziki aliutunga baba yake, Francis Mechner, mwanasaikolojia aliyezaliwa Vienna katika familia ya Kiyahudi na kukimbia Wanazi akiwa mtoto. Jordan ameisimulia safari hiyo katika kitabu chake cha michoro, Replay. Mdogo mtu akimbie, baba atunge nyimbo: ilikuwa kazi ya nyumbani, kwenye kompyuta ambayo spika yake iliweza kutoa mlio au kunyamaza tu.

Prince of Persia ilitoka Oktoba 1989. Waliopitia gemu waliisifu, wanunuzi wakawa wachache, kwa sababu wenye Apple II walikuwa wachache. Toleo la kompyuta za MS-DOS la mwaka 1990 nalo lilianza polepole Marekani. Zilizoinusuru ni nchi za nje. Kampuni ya Arsys ya Japani iliihamishia kwenye kompyuta za huko kwa ustadi mkubwa na ikapendwa, Ulaya ikaicheza kwenye Amiga na Atari ST, na mwaka 1992 ikatoka ya Macintosh. Arsys hawakuishia kunakili: toleo lao la Super Nintendo lina hatua 20 badala ya 12, na mchezaji anapewa dakika 120 za kuimaliza badala ya 60. Hatimaye jumla ya nakala ikafika takribani milioni mbili.

Niseme neno kuhusu Jaffar, maana msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza. Aliyekulia kwenye Alfu Lela Ulela au hekaya za Abunuwasi anaijua Baghdad ya Harun al-Rashid, na anajua kwamba Ja'far alikuwa waziri wake, wa ukoo wa Barmaki. Katika hadithi za kale waziri huyo ni mtu wa heshima, msafiri wa usiku pamoja na khalifa, na katika historia aliuawa kwa amri ya Harun mwenyewe mwaka 803. Aliyemgeuza kuwa mchawi katili anayemtamani binti mfalme ni sinema ya Magharibi, hasa The Thief of Bagdad ya mwaka 1940. Gemu ilimrithi Jaffar huyo wa sinema, sawa na ilivyomrithi Robin Hood. Uajemi wa Mechner ni Uajemi wa skrini. Hata shujaa wake si mwana wa mfalme wa nchi hiyo. Ni kijana mpita njia aliyependwa na binti, na jina la gemu linamngoja mwishoni mwa safari.

Programu asilia ya gemu ilipotea. Mechner aliitafuta kwa miaka bila mafanikio, mpaka Machi 2012 baba yake alipomtumia boksi lililokutwa nyuma ya kabati. Ndani yake kulikuwa na diski za Apple zenye maandishi ya mkono wake mwenyewe. Diski ya sumaku ya miaka 22 inaweza kuwa imekufa kimyakimya, kwa hiyo hakujaribu peke yake. Aliwaita Jason Scott, mhifadhi wa kumbukumbu za kompyuta, na Tony Diaz, fundi na mkusanyaji wa mashine za Apple II. Mwezi Aprili walikusanyika nyumbani kwake Los Angeles wakazisoma diski zile moja moja, na siku iliyofuata programu nzima ilikuwa kwenye intaneti, huru kwa yeyote kuisoma. Shajara, michoro na kanda nyingi zipo leo katika jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, New York. Mtu akitaka kumuona David akiruka kwenye uwanja wa magari, anaweza.

Kwa kuwa programu ilipatikana, watu waliisoma na kuifanyia kazi. Mwaka 2018 mashabiki wa Uingereza walitoa toleo linaloendeshwa na kompyuta ya BBC Master, mashine ya mwaka 1986, wakitumia amri zilezile alizoziandika Mechner, kwa sababu mashine hizo mbili ni za ukoo mmoja wa vichakato. Wangeweza kuifanya mwaka 1989 kama mtu angewapa diski.

Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, ilipata haki za kutengeneza gemu mpya za jina hilo na mwaka 2003 ikatoa The Sands of Time, Mechner akiwa mwandishi wake. Kilichofuata kinanirudisha kwenye mawazo yaliyoachwa. Patrice Désilets na wenzake katika tawi la Ubisoft la Montreal walianza gemu nyingine ya mwana wa mfalme ambamo mchezaji angekuwa mlinzi wake wa siri, muuaji wa kundi la Hashashin. Wakubwa wakasema gemu ya Prince of Persia haiwezi kumfanya mwana wa mfalme kuwa mtu wa pembeni. Badala ya kulizika wazo, walilitoa kwenye ukoo na kulipa jina lake, Assassin's Creed, likatoka mwaka 2007 na kuwa kubwa kuliko mama yake kwa mbali.

Januari 2024 tawi la Ubisoft la Montpellier liliirudisha Prince of Persia kwenye umbo la kutazamwa kutoka pembeni, kwa jina la The Lost Crown. Mchezaji ni Sargon, askari aliyetumwa kumtafuta mwana wa mfalme aliyetekwa, na mmoja wa uwezo wake ni kuacha kivuli chake mahali fulani, kuendelea na safari, kisha kukirudia kwa kufumba na kufumbua. Mlima anaoupanda ni Qaf, ndege anayempa nguvu ni Simurgh, na kwa mara ya kwanza katika ukoo huu wote unaweza kuchagua wahusika wazungumze Kiajemi.